Mwaridi wa damu ya mzee katika ardhi ya maweni: kisa cha ua mmoja wa Jambiani

Kwa miezi kadhaa mwaridi huu ulitibiwa njaa, na njaa haukuwa nayo. Ulipewa samadi, ukapewa urea, ukaongezwa samadi tena, na kila ulipopewa, majani yake machanga yalizidi kuwa manjano. Kisa chake tunakiandika kwa kirefu kwa sababu nyumba nyingi za pwani ya mashariki ya Unguja zinapanda maua juu ya mawe ya namna ile ile na kumwagia maji ya visima vya namna ile ile, na mtu anaweza kupoteza mche mzuri huku akijitahidi kwa moyo wake wote.

Mche wenyewe ni kichaka cha waridi cha miaka kama miwili, kilichonunuliwa Lushoto kikiwa ndani ya chungu mwezi wa Oktoba, kikasafiri kwa basi na boti. Maua yake ni ya rangi ya damu ya mzee, petali nyingi zilizosongamana kama kikombe kilichojazwa hadi juu, na harufu yake ni nzito, ile ya marashi kwenye mrashi. Mwenye nyumba, mama mtu mzima, aliutaka kwa ajili ya kikuba, kile kishada cha maua ya harufu kinachovaliwa mwilini, ukae pamoja na asumini, mkilua na mrehani uliokwishastawi uani kwake.

Kibandiko cha jina kilipotea njiani. Kwa sura ya ua na umbo la kichaka, mwaridi huu unafanana na lile kundi la Uingereza lililoanzishwa na David Austin, aliyechanganya mawaridi ya kale yenye harufu na mawaridi ya kisasa yanayochanua mara kwa mara. Anayenunua kwa ajili ya Zanzibar lazima aelewe jambo moja hapa. Ndani ya kundi hilo hilo kuna mwaridi mwekundu uitwao 'Chianti', uliotoka mwaka 1967, unaochanua msimu mmoja tu kwa mwaka. Mawaridi ya msimu mmoja yanahitaji baridi ya kweli ndipo yafanye matumba, kwa hiyo kwetu unaweza kuulea miaka ukapata majani matupu. Kuna mwingine, 'Munstead Wood', uliotoka mwaka 2007, mwekundu wa giza vile vile na wenye harufu kali, lakini huo hurudia kuchanua. Ukikosa jina, muulize muuzaji mwaridi huu unachanua mara ngapi kwa mwaka. Wa Jambiani ulifika na maua mawili, na mwezi wa Novemba ukatoa mengine matatu bila ya baridi yoyote, kwa hiyo ni wa kurudia. Mtihani huo ulikwishaupita.

Ulivyopandwa

Sehemu iliyochaguliwa ni pembeni mwa ukuta wa nyumba, upande unaotazama bahari. Ukuta ni wa mawe ya matumbawe na chokaa, na chini yake kuna vifusi vya chokaa vya miaka mingi. Shimo lilichimbwa kwa mtaimbo, upana na kina kama sentimita 30, kwa sababu chini ya hapo ni jiwe. Likajazwa udongo mweusi kidogo uliozolewa kwenye nyufa za mawe, ukachanganywa na samadi ya ng'ombe. Juu yake yakatandazwa machenga ya makumbi, yale yanayobaki wanawake wanapoponda usumba wa kamba. Maji yalikuwa ya kisima cha hapo hapo, dumu la lita 20 kila baada ya siku mbili.

Novemba na Disemba mambo yalikuwa shwari, maana mvua za vuli zilikuwa zinasaidia. Januari majani ya nchani yakaanza kuwa manjano. Urea ikatiwa, kiganja kizima. Februari kingo za majani zikakauka na kuwa rangi ya kahawia. Masika yalipoingia yakaja madoa meusi, na kufikia Mei kichaka kilikuwa na vijiti vinne vyenye majani kumi na kitu. Isipokuwa chipukizi moja tu, refu, la kijani kibichi, lililotoka karibu na ardhi na kukua kwa kasi ya ajabu.

Chipukizi hilo ndilo lililompa mama matumaini. Kijana wa kilimo alipokuja kutazama mwezi wa Juni, mama alimwonyesha hilo kwanza.

"Mwanangu, naona linarudi. Tazama lilivyonawiri."

"Shikamoo mama. Linanawiri kweli, lakini hilo si waridi lako. Hebu hesabu vijani vyake."

Manjano si ya namna moja

Vijani vya chipukizi lile vilikuwa saba kwenye kila kikonyo, vidogo na vyepesi, na pale kikonyo kinaposhikana na kijiti palikuwa na vinyuzi vinyuzi kama ndevu. Kwenye vijiti vya waridi lenyewe vijani vilikuwa vitano, vikubwa, bila ya ndevu. Kwa hiyo mwaridi ulikuwa wa kubebeshwa, yaani umeunganishwa juu ya shina la mwaridi mwingine, na hilo lilikuwa chipukizi la shina la chini. Zile ndevu ni alama ya multiflora, aina ya mwaridi mwitu. Shina hilo linapendwa na wabebeshaji kwa sababu linakua haraka, lakini kwenye udongo wenye chokaa nyingi ni dhaifu kupindukia. Hapo mlango wa uchunguzi ulifunguka.

Manjano ya mwaridi yana sura tofauti, na kosa la kisa hiki ni kuyachukulia kuwa ya namna moja. Njaa ya naitrojeni huanza kwenye majani ya zamani, ya chini, na jani lote hupauka pamoja na mishipa yake. Hapa ilikuwa kinyume chake: majani machanga ya nchani ndiyo yaliyopauka na ya chini yakabaki kijani, na kwenye jani lililopauka mishipa ilionekana ya kijani kama wavu mwembamba. Hiyo ni sura ya ukosefu wa madini ya chuma. Mmea hauwezi kuhamisha chuma kutoka jani la zamani kupeleka jani jipya, kwa hiyo jani jipya ndilo linalolia mwanzo.

Kahawia ya kingoni ilikuwa jambo jingine, chumvi. Na manjano ya masika yalikuwa la tatu: yalianzia majani ya chini, yakizunguka madoa meusi yenye kingo za kuchanikachanika, kisha jani likadondoka. Huo ni ukungu wa madoa meusi. Utitiri mwekundu ulitafutwa pia chini ya majani, kwa sababu nao huyafanya yapauke kwa vitone vitone, lakini hapakuwa na utando wala vidudu. Mizizi haikuwa na mafundo ya minyoo.

Maradhi matatu, basi, na hakuna hata moja ambalo urea ingeliponya. Urea ililizidisha la kwanza: ilisukuma machipukizi mapya laini, na kila jipya lilihitaji chuma ambacho mizizi haikuweza kukipata.

Siki, sabuni na ncha ya ulimi

Vipimo vilivyofanywa hapo uani havikuhitaji maabara. Kijiko cha udongo mkavu kutoka shimoni kilitiwa kwenye kisahani, kikadondoshewa siki. Ukatoa povu na mchemko unaosikika. Udongo unaochemka kwa siki una chokaa huru ndani yake, na katika udongo wa namna hiyo chuma kipo lakini kimegeuka kitu kisichoyeyuka kwenye maji. Karatasi ya kupimia tindikali iliyochovywa katika maji ya udongo ule ilisoma pH 8, yaani upande wa chokaa, si wa tindikali. Mwaridi unastarehe kati ya 6 na 6.5.

Maji ya kisima yalipimwa kwa sabuni: povu lilikataa kupanda, mabonge meupe yakaelea. Hayo ni maji magumu, yaliyobeba chokaa. Kila dumu lililomwagwa lilikuwa linaongeza kile kile kilichoufunga mlango. Na kwenye ulimi yalikuwa na ukakasi wa chumvi, kidogo tu, kisima kikiwa hakipo mbali na ufuo.

Chumvi iliyounguza kingo, hata hivyo, haikutoka kisimani peke yake. Machenga ya makumbi yaliloekwa katika ndoo ya maji ya mvua usiku mmoja, asubuhi maji yakaonjwa kwa ncha ya ulimi: yalikuwa ya chumvi waziwazi. Anayejua kazi ya usumba hatashangaa. Makumbi hufukiwa pwani miezi kadhaa yalainike, bahari ikipanda na kushuka juu yake, kisha ndiyo yapondwe. Kwa kamba ni kazi nzuri, na kwa mnazi chumvi hiyo si kitu, ila kwa mwaridi ni sumu ya polepole. Taka za mwani ni hivyo hivyo, nazo zinatumika uani kama mbolea bila ya kuoshwa.

Kwa nini shimo lile haliwezi kutibiwa

Shauri la kwanza linalotolewa kila mahali ni kutia salfa ili udongo uingie tindikali. Kwenye kinongo, ule udongo mwekundu wenye kina, wa Dole au Kizimbani shauri hilo lina maana. Kwenye maweni halina, na hesabu inaonyesha. Kilo 1 ya salfa, ikishageuzwa tindikali na vijidudu vya udongo, humaliza kama kilo 3 za chokaa. Tuseme ukipanua shimo upate kilo 200 za udongo, na moja ya tano yake ni chokaa: hizo ni kilo 40, nazo zinataka salfa kilo 13 hivi. Kiasi hicho kingeua mizizi kabla ya kuibadilisha ardhi. Na jiwe la pembeni na ukuta wa chokaa havitakoma kurudisha kile ulichokiondoa.

Njia ya pili ni kuendelea kumpa chuma mmea pale pale. Hapa mtu achague kwa makini, maana dawa za chuma zina vifungio tofauti, yaani kemikali zinazokishika chuma kibaki kimeyeyuka. Chuma kilichofungwa kwa EDTA, ndicho kinachopatikana zaidi kwenye maduka ya pembejeo, hufanya kazi katika udongo wenye tindikali lakini kwenye kipimo cha 8 huachana na kifungio chake haraka. Kilichofungwa kwa EDDHA ndicho kinachostahimili chokaa. Utakitambua kwa macho: ni unga mwekundu uliokoza, na maji yake huwa mekundu kama damu. Kingeweza kuubakisha hai mwaridi ule, ila kwa kununuliwa mara kwa mara na bila ya kugusa suala la chumvi.

Uamuzi ukawa kuunyanyua mwaridi juu ya ardhi kabisa. Kwa maoni yetu huu ndio uamuzi sahihi kwa ua wowote wa maweni unaotaka mwaridi wa kubebeshwa, na ungefanywa siku ya kwanza ungeokoa mwaka mzima.

Nusu pipa

Pipa la plastiki la lita 200 lilikatwa katikati. Nusu moja ikatobolewa matundu manane chini, kila moja la kupitisha kidole, ikasimamishwa juu ya vipande vitatu vya mbao ili maji yapite. Matofali ya saruji na mawe ya matumbawe yaliachwa, maana hayo nayo hutoa chokaa. Vigae vya vyungu vya udongo viliwekwa juu ya matundu, si kokoto za pwani.

Pipa hilo lilichukua madebe matano ya mchanganyiko: matatu ya kinongo kilicholetwa kutoka upande wa kati wa kisiwa, moja la samadi iliyokaa miezi minne mpaka ikaacha harufu, na moja la makumbi yaliyokatwakatwa kutoka minazi ya juu, yasiyowahi kufukiwa pwani, na hata hayo yakaoshwa maji ya mvua mara mbili. Kinamo, yaani udongo mzito wa mfinyanzi, kisitumike, kwani ndani ya pipa hugandamana na kuozesha mizizi. Mchanga wa ufuo ndio usisogee kabisa. Ni makombe na matumbawe yaliyosagika, yaani chokaa tupu. Majivu na maganda ya mayai, ambayo watu wanayatia kwa nia njema, yanafanya kazi ile ile ya kuharibu.

Mahali palichaguliwa kabla ya kujaza, kwa sababu pipa likishajaa na kulowa lina uzito wa zaidi ya kilo 130. Lilihamishiwa mahali penye jua la asubuhi mpaka saa saba, kisha kivuli cha nyumba. Jua la asubuhi hukausha umande juu ya majani mapema, na kivuli cha mchana huokoa petali: rangi ya giza hunywa joto kuliko nyeupe, na waridi la damu ya mzee lililoachwa kwenye jua la saa nane la Januari huungua kingo siku hiyo hiyo. Upande wa bahari ulisimamishwa ua wa makuti, mita moja na nusu kutoka kwenye pipa, yakiwa yamesukwa wazi wazi. Kusi inapovuma upande ule hubeba chumvi hewani, lakini ukiuziba upepo wote unaukaribisha ukungu. Makuti yaliyoachiana nafasi huvunja nguvu ya upepo bila ya kuuzuia.

Uhamishaji ulifanywa mwishoni mwa Juni, ndani ya kipupwe. Chipukizi la shina la chini lilifukuliwa hadi pale lilipoanzia na kung'olewa kwa kuvutwa. Ukilikata kwa mkasi huacha macho chini yake, na baada ya mwezi yanatoka matatu. Mizizi myeusi iliondolewa, vijiti vikapunguzwa theluthi, na lile fundo la kubebeshea likaachwa sentimita 4 juu ya udongo. Mashauri ya nchi za baridi yanasema fundo lizikwe lisiuliwe na barafu. Sisi barafu hatuna, tuna unyevu, na fundo lililozikwa huoza. Kivuli cha makuti kilifunika kichaka wiki mbili.

Siku ya kumi ulipewa chuma cha EDDHA, gramu 5 katika lita 5 za maji, jioni, kwa sababu jua hukivunja kifungio. Ilirudiwa baada ya wiki tatu, basi. Majani yaliyokuwa manjano hayakurudi kijani vizuri, na mtu asiyangojee. Angalia yanayozaliwa baada yake. Yale ya katikati ya Julai yalitoka mekundu ya shaba kama inavyostahiki, yakageuka kijani kilichokoza.

Kuulea baada ya hapo

Chakula ni kidogo kuliko ilivyozoeleka: kopo la nusu lita la samadi iliyoiva kila wiki sita, na kijiko kimoja cha chakula cha NPK 17:17:17 kila mwezi, kikizungushwa kiganja kimoja mbali na shina, juu ya udongo uliokwishamwagiwa maji. Januari na Februari mbolea husimamishwa. Wakati huo mmea unapigana na joto, usiusukume kukua.

Maji ni ya mvua kutoka kwenye bati. Paa la mita 10 za mraba, mvua ya milimita 20, hujaza pipa la lita 200, na masika hutoa hiyo mara nyingi. Lita 5 kila baada ya siku mbili zinatosha katika kipupwe, na lita 6 kila siku kaskazi ikipamba moto. Yamwagwe chini, si juu ya majani, mpaka machache yatoke matunduni, maana hayo yanayotoka ndiyo yanayobeba chumvi.

Kupogoa kwa Zanzibar kusifuate mkasi wa Ulaya unaoukata mwaridi karibu na ardhi. Kule mmea umelala na akiba yake iko mizizini. Huku haulali, na akiba yake kubwa iko kwenye majani. Theluthi moja inatosha, juu kidogo ya jicho linalotazama nje, mkasi ukiwa umefutwa kwa spiriti. Kutoka kupogoa hadi kuchanua ni kama wiki saba. Nyumba inayotaka maua kwa harusi ya siku fulani ihesabu kurudi nyuma.

Kwa madoa meusi, kumbuka kwamba mbegu za ukungu ule zinahitaji jani lililolowa kwa saa saba hivi ndipo ziote. Kwa hiyo kila jani lenye doa liliondolewa na yaliyodondoka yakachomwa, matawi ya ndani yakapunguzwa hewa ipite, na mrehani uliokuwa umeegemea shina ukasogezwa sentimita 60. Mankozebu, dawa ya ukungu, gramu 2 kwa lita moja ya maji, ilipigwa mara mbili tu mwanzoni mwa masika, matumba yakiwa hayajatokea. Waridi la kikuba hulala shingoni na kifuani mwa mtu usiku kucha. Halifai kupigwa dawa, na tunalisema hili bila ya kulegeza: ni bora kichaka kipoteze majani.

Matokeo, na kilichobaki

Mwaridi ulipogolewa tena kidogo katikati ya Julai, na wiki ya kwanza ya Septemba ukafungua maua kumi na moja. Yalichumwa kabla ya saa moja asubuhi, yakiwa yamefunguka nusu, kwani mafuta ya harufu huruka jua likishapanda. Rangi ilikuwa ya giza kamili. Mengine tisa yalikuja Novemba. Ya Januari yalikuwa madogo, yenye petali chache na wekundu uliopauka kidogo, na hilo halina dawa: usiku wa Jambiani si usiku wa Lushoto, na joto hupunguza rangi ya petali. Masika yaliyofuata yaliondoa karibu nusu ya majani ya chini, lakini nchani hapakuwa na manjano.

Dosari moja ilijitokeza mwishoni mwa Februari, kingo za majani machache zikaanza tena kahawia. Sababu ilipatikana kwa hesabu. Siku 60 za kaskazi kwa lita 6 ni lita 360, na pipa la maji ya mvua lilikuwa moja la lita 200, likaisha siku ya 33. Nyumba ikarudi kisimani. Ndimu au siki hupunguza ukali wa chokaa katika dumu kwa muda, ila chumvi haiguswi na ndimu. Mama amekwishanunua pipa la pili, na mfereji wa bati umeshaelekezwa huko.